Anayeandika Beni ana haki ya kutaka kufanikiwa

Tarehe 30 Desemba 2018, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilipokuwa ikimchagua rais, watu wa miji yetu ya Beni na Butembo, mashariki ya nchi, waliambiwa wabaki nyumbani. Sababu zilizotolewa zilikuwa Ebola na usalama. Kura yetu ilisogezwa hadi Machi 2019, na kila mtu alijua kwamba kufikia Machi rais atakuwa amekwisha kuapishwa. Beni haikubaki nyumbani. Vijana walitafuta karatasi na masanduku, maji ya kunawa mikono yakawekwa, na watu wakapanga foleni kupiga kura ambayo walijua Kinshasa haitaihesabu. Walitaka ijulikane kwamba nao walikuwapo.

Ninaitaja siku hiyo kwa sababu ya neno ninalolisikia kila uandishi unapozungumzwa: kwamba vijana wa huku hawatoi vitabu kwa kukosa ujasiri. Wanaosema hivyo hawatujui. Mama wa Mulekera, hapa Beni, anayeamka alfajiri kwenda kuvuna kakao yake, huku akijua ni watu gani wenye silaha wanaopita msituni, hana upungufu wa ujasiri. Mwalimu aliyefungua darasa Jumatatu baada ya kuzika Jumapili hana upungufu wa ujasiri. Kitu tunachokiogopa ni kimoja, nacho hakina uhusiano na risasi. Tunaogopa kusema mbele za watu: mimi ni mwandishi, nataka kusomwa, nataka kulipwa, nataka jina langu lijulikane.

Tazama tunavyowapokea wafanyabiashara. Butembo imejengwa na watu waliothubutu. Mtafiti Janet MacGaffey aliandika juu ya wafanyabiashara wa Kinande tangu miaka ya 1980, walipokuwa wakipeleka mboga na kahawa mbali, katika nchi ambayo serikali yake ilikuwa imeacha hata kuzitunza barabara. Baadaye wenzao wakafika Dubai, Hong Kong na Guangzhou. Wengi hawakujua lugha ya huko. Waliondoka na pesa za jamaa na namba ya simu ya mtu wa kwao aliyetangulia, wakarudi na kontena la vitenge au vipuri vya pikipiki. Mmoja wao akipata hasara tunampa pole, kisha tunamwuliza atasafiri tena lini. Akifanikiwa akajenga ghorofa, hatusemi anajiona. Tunasema amefanya kazi.

Kijana akisema atakuwa mwandishi, anaulizwa kama atakula karatasi. Swali hilo hutoka kwa watu wanaompenda, na sitaki kulidharau, maana minerval, yaani karo ya watoto, hailipwi kwa mashairi. Lakini hatumwulizi hivyo anayekwenda kuchimba dhahabu upande wa Mambasa, ambaye uwezekano wa kurudi mikono mitupu ni mkubwa kabisa. Huyo tunamwombea. Mwandishi tunamcheka, na yeye mwenyewe, akiisha kuchekwa vya kutosha, anajifunza kusema, "Ah, ni karatasi tu ninazochezea." Hapo ndipo kazi yake inapofia, kabla hata mhariri hajaiona.

Na kazi ipo. Ukitaka kujua kwamba mji huu unaandika, fungua redio saa ya komunike. Familia fulani, ya kata fulani, inasikitika kuwatangazia ndugu, jamaa na marafiki walioko Oicha, Mangina, Kasindi, Butembo, Goma na Kampala. Halafu jina la marehemu, msiba uko wapi, mazishi saa ngapi. Ni nusu ukurasa tu, lakini keti pamoja na anayeiandika uone. Ameitwa usiku, amepewa biki na karatasi iliyochanwa kwenye daftari la mtoto. Lazima ajue wajomba wanatajwa mahali gani. Lazima ajue kama watoto wa mke wa kwanza wanatangulia, na kama yule ndugu aliyegombana na marehemu juu ya parseli atajwe au aachwe. Jina moja likikaa vibaya, msiba unageuka ugomvi. Anaandika, anafuta, anasoma kwa sauti ya chini mbele ya wazee, anabadilisha neno moja, wazee wanaitikia kwa kichwa. Mtu huyu anajua mpangilio, anajua uzito wa neno, anajua msikilizaji wake ni nani. Anapewa chai, anarudi kwake. Sijasikia hata mara moja akiitwa mwandishi.

Wengine wameajiriwa. Tangu mauaji ya Beni yalipoanza Oktoba 2014, na hasa tangu Ebola, mji umejaa ofisi za mashirika, na kalamu bora za kizazi hiki zinaandika ripoti kwa Kifaransa. Kila kijiji kilichochomwa kina ripoti yake. Anayeiandika aliuona moshi, pengine alimjua marehemu kwa jina la utani. Lakini ripoti inatoka na nembo ya shirika, haina jina lake, na inakwenda kusomwa mbali. Kazi hiyo inalisha watu na ina faida yake, sitaki mtu aiache. Ninachosikitikia ni kinachoipata kalamu baada ya miaka mingi ya "watu wasiojulikana wakiwa na silaha za jadi". Inasahau sufuria iliyobaki mekoni. Inasahau kwamba marehemu alikuwa na deni kwenye butike na alikuwa ameahidi kulilipa Jumamosi. Mambo hayo hayana safu katika jedwali la ripoti, na kama hakuna atakayeyaandika kwingine, wajukuu wetu wataurithi msiba wetu kwa hesabu tupu.

Niliwahi kushika daftari la binti mmoja wa Mulekera. Lilikuwa limefunikwa kwa kalenda ya mwaka uliopita, picha ya askofu ikiwa ndani, upande mweupe ukiwa nje. Ndani mlikuwa na hadithi ya mwanamke aliyekimbia kijiji chake maharage yakiwa shambani, akarudi baada ya miezi na kukuta jirani ameyavuna, ameuza nusu, na nusu ya pesa ameizika kwenye kopo chini ya jiko la mwenye shamba. Mwanamke hajui kama amshukuru au amwite mwizi. Hadithi nzima ilisimama juu ya kutojua huko, na ilisimama imara. Sentensi zilikuwa fupi, kwa Kiswahili chetu cha hapa, na Kinande kilitokeza pale wanawake walipokuwa wakigombana. Juu ya jalada aliandika jina la mwanamume wa Kifaransa. Nilipomwuliza huyo ni nani alicheka, akaficha uso. "Yaya, nani atanunua kitabu chenye jina la hapa?"

Kavira, Masika, Katungu, Kambale, Paluku, Muhindo: majina haya yamejaa katika orodha za shule, za hospitali, na za makaburi ya pamoja. Juu ya jalada la riwaya tunaona kama yamepotea njia. Binti yule alikuwa na ujasiri wa kuandika juu ya vita akiwa ndani ya vita, na hakuwa na ujasiri wa kuandika jina alilopewa na baba yake. Sidhani kosa ni lake. Tangu darasa la kwanza hadi diploma, kila kitabu alichofunguliwa kilikuwa na mwandishi wa mbali, na kilikuwa katika lugha asiyoitumia akiwa na furaha wala akiwa na hasira.

Juu ya lugha tunajitesa bila sababu. Kiswahili ni moja ya lugha nne za taifa katika katiba yetu, na tangu 2022 nchi imo ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambamo watu wengi wanakisoma kila siku. Lakini mwandishi wa Beni anajiambia kwamba Kifaransa chake hakifiki Paris na Kiswahili chake hakifiki Dar es Salaam, basi anyamaze. Mwaka 1965, kule Lubumbashi, iliyokuwa ingali Elisabethville, mtu aliyeitwa André Yav hakujiambia hivyo. Aliandika historia ya mji wake kwa ajili ya chama cha watu waliokuwa watumishi wa nyumbani kwa Wazungu, wale waliopika, waliofua, waliopanga meza na kusikia yote yaliyosemwa mezani. Aliiandika kwa Kiswahili cha Katanga kama kilivyosemwa, bila kuomba ruhusa ya mwalimu yeyote wa sarufi, na nakala zake zikapigwa kwa mashine ya kurudufu. Mwaka 1990 mwanaanthropolojia Johannes Fabian aliichapisha pamoja na tafsiri ya Kiingereza, na leo inasomwa katika vyuo vikuu kama ushahidi wa ukoloni uliotolewa na watu waliokuwa jikoni mwake. Kama Yav angengoja hadi Kiswahili chake kiwe safi, tungebaki na kumbukumbu za mabwana peke yao.

Na sisi tulilipia gharama ya kudharau lugha ya watu. Ebola iliyotangazwa Agosti 2018 na kumalizika Juni 2020 iliwapata watu 3,470, ikaua 2,287. Katika miezi ile maelezo mengi yalitufikia kwa Kifaransa, au kwa Kiswahili kilichonyooshwa mahali pengine. Watu waliuliza maswali mazito, wakajibiwa kwa vibao vya picha. Uvumi ulipita kasi kwa sababu uvumi uliongea kama sisi. Nchi yenye waandishi wanaoheshimiwa katika lugha ya mtaani ingekuwa na mtu wa kumwita siku ile. Ninaamini jambo hili kabisa: mwandishi aliyefanikiwa, anayejulikana na kuaminiwa, ni mali ya mji mzima wakati wa shida.

Sasa niseme juu ya hatari, maana kuna anayesoma hapa akiwa na sababu za kweli za kujificha. Padre Vincent Machozi, Mwasumpsionisti, aliendesha ukurasa wa habari wa Beni-Lubero uliokusanya majina na picha za waliouawa. Aliuawa Machi 2016 huko Isale, karibu na Butembo. Papy Mumbere Mahamba, mtangazaji wa redio ya jamii ya Lwemba, aliuawa nyumbani kwake Novemba 2019, baada ya kutangaza juu ya Ebola. Kabla yao Askofu Mkuu Emmanuel Kataliko wa Bukavu, aliyekuwa awali ameongoza jimbo letu la Butembo-Beni kwa miaka 31, aliandika barua ya Noeli ya 1999 kwa waumini wa Bukavu juu ya uporaji na uvamizi. Februari 2000 waasi waliotawala wakamkataza kurudi Bukavu, wakamleta Butembo. Miezi saba alikaa hapa kwetu kama mfungwa kwa sababu ya karatasi yenye sahihi yake. Alirudishwa Bukavu Septemba, na Oktoba mwaka huohuo akafariki akiwa Roma.

Simwambii mtu yeyote atafute mwisho kama huo. Tangu Mei 2021 tunaishi chini ya utawala wa kijeshi wa hali ya dharura, na kuna mambo ambayo mtu mwenye watoto ana haki ya kuyaandika bila jina, au kuyaweka ndani ya ngano, au kuyangojea. Kujificha kwa kulinda uhai ni akili. Ninachopinga ni kuuchukua uoga huo wa haki na kuutumia kufunika aibu ya kawaida. Hadithi ya maharage haitamletea mtu yeyote wanajeshi mlangoni. Riwaya ya mapenzi kati ya motari na muuguzi haina adui. Kitabu cha mapishi ya sombe, historia ya kanisa la mtaani, maisha ya bibi aliyefika Beni kwa miguu kutoka Lubero: kwa nini vitu hivi vilale chini ya godoro bila jina?

Mwandishi wa Kongo Paul Lomami-Tshibamba anaweza kutufundisha hapa. Mwaka 1945, katika jarida la *La Voix du Congolais*, aliuliza wasomi Waafrika watapewa nafasi gani katika dunia ya kesho. Wakoloni walimkamata, wakamchapa viboko. Watu wengi wangeweka kalamu chini, na nani angewalaumu? Yeye aliandika *Ngando*, akaipeleka katika shindano la maonyesho ya kikoloni ya Brussels, na mwaka 1948 ikapata tuzo. Huwa ninarudi zaidi kwenye tendo hilo la pili kuliko la kwanza. Kuandika maneno ya ukweli kulihitaji moyo. Kuifunga kazi yake, kuipeleka kwa watu wa taifa lilelile lililomchapa, na kutaka ishinde, kulihitaji moyo wa namna nyingine, na huo ndio tunaouhitaji zaidi Mulekera leo.

Mafanikio yenyewe huchelewa, na ni afadhali tuambiane mapema. Abdulrazak Gurnah, mtoto wa Unguja aliyefika Uingereza kama mkimbizi, alianza kuandika akiwa kijana wa miaka 21 hivi. Riwaya yake ya kwanza ilitoka 1987, akikaribia miaka 40. Tuzo ya Nobel ilimkuta 2021, ana miaka 72, na ndipo *Paradise* yake ikaletwa kwa Kiswahili kwa jina la *Peponi*, mwaka 2022. Mshairi wa Kiswahili Shaaban Robert alikuwa karani wa serikali maisha yake mengi, na alipofariki 1962 aliacha miswada ambayo ilitoka baada yake. Wote wawili walikuwa na kazi nyingine ya kuwalisha. Anayefundisha asubuhi na kuandika usiku hajashindwa. Ndivyo kazi hii ilivyo kwa wengi, hata kwa wakubwa wake.

Lakini kungoja siyo kukaa. Kuna milango, na mwenye daftari anapaswa kuijua. Tuzo ya Kiswahili ya Mabati-Cornell, iliyoanzishwa 2014 na baadaye ikaitwa Safal-Cornell, iliwapa washindi wa nafasi ya kwanza dola 5,000 kila mmoja. Ilianzishwa kwa ajili ya kazi zilizoandikwa kwa Kiswahili. Sheria yetu ya haki za mwandishi ni ya tarehe 5 Aprili 1986, na inalinda kazi ya binti yule ikiwa bado ndani ya daftari lake. Anayetaka kuichukua ili aigeuze mchezo wa redio ni lazima amwombe.

Pesa za kuchapa tunazo njia za kuzipata, tukitaka. Mama wa sokoni anapata mtaji kwa likirimba: watu kumi, kila wiki fungu, kila zamu mmoja anabeba. Sioni kwa nini waandishi kumi wa Beni na Butembo wasifanye hivyo, kila zamu ikatoa kitabu kimoja cha kurasa themanini, nakala chache za kuanzia, zenye jalada zuri na jina kamili la mwandishi. Wauze kwenye mlango wa kanisa, kwenye vituo vya mabasi ya Butembo, shuleni siku ya kugawa bulletin. Wasigawe bure. Mwandishi anayegawa kitabu chake bure kwa aibu anawafundisha watu kwamba hakina bei, na anamharibia soko mwenzake anayekuja nyuma.

Wafanyabiashara wetu nao wana deni hapa. Kila mwaka wanalipia jezi za timu na vipaza sauti vya kwaya, na wanafanya vizuri. Gharama ya kuchapa riwaya fupi haiwashindi. Mkuu wa shule anayelalamika kwamba wanafunzi hawasomi anunue nakala arobaini za kitabu cha mtu wa kata yake, aone kama hawatasoma habari za barabara wanazopita.

Na wakurugenzi wa redio nao wana deni, maana ndio wenye masikio ya mji. Mwandishi wa Kenya Ngũgĩ wa Thiong'o alipotoa riwaya yake ya Kikuyu mwaka 1980, aliyoiandika gerezani Kamiti juu ya karatasi za msalani, watu waliisoma kwa sauti katika familia na katika baa, mmoja akisoma, wengi wakisikiliza. Sisi tuna redio katika nyumba na katika simu, na saa za komunike zimekwisha kutuzoesha kukaa kimya na kusikiliza maandishi yakisomwa. Ninawaomba nusu saa ya Jumamosi jioni kwa ajili ya hadithi za watu wa hapa, kwa Kiswahili cha hapa, zisomwe na mtu anayejua kusoma. Mwandishi alipwe. Bei ianzie pale anapolipwa mpiga gitaa wa arusi, pesa zitolewe siku hiyohiyo, na jina lake, lile alilopewa na baba yake, litajwe kabla ya hadithi na baada yake.